Tanga Si Pambo

Kuna sentensi moja ambayo nimeichoka. Hutoka kwenye kipaza sauti, kwenye vipeperushi na chini ya picha za mitandaoni, nayo husema kwamba mashindano ya vyombo vya matanga Lamu ni "sehemu ya utamaduni wetu mkongwe". Sina ugomvi na neno utamaduni. Ugomvi wangu ni kwamba likishatamkwa, watu huacha kuuliza. Hakuna anayeuliza kwa nini mashua ile yenye tanga la viraka imeipita ile yenye tanga jipya. Hakuna anayeuliza kwa nini nahodha wa mashua ya tatu aliishusha foromali jana jioni, akafungua kamba zote zinazoshika tanga na kuzifunga upya moja moja, kazi ya saa mbili, ilhali kwa macho ya mpita njia tanga lilikuwa sawa tu. Utamaduni hauulizwi maswali. Hupigwa makofi, hupigwa picha, kisha watu huenda kula.

Mimi nadai neno jingine. Kinachofanyika ufukweni siku mbili tatu kabla ya mashindano ni uhandisi. Nasema hivyo bila kutafuta sifa, kama vile mtu anavyosema daktari ni daktari. Kuna tatizo, kuna vipimo, kuna jaribio, kuna matokeo yanayoonekana na kila mtu, na kuna kushindwa mbele ya mji mzima. Ukiyaondoa hayo ukabakiza ngoma na bendera, umebakiza mashua kama umbo la kuchora kwenye fulana.

Vyombo vinavyoshindana Lamu havikuundwa kwa mashindano. Wengi wenu mmeviona kwenye kadi za posta, basi niseme ni vipi. Ni mashua za kazi. Leo zimebeba mchanga, kesho boriti za mikoko, keshokutwa wageni wanaokwenda kuogelea. Fundi wa Matondoni alipoziunda alizipa tumbo la kubeba, hakuzipa kiuno cha kukimbia. Kwa hivyo swali analolikabili nahodha ni gumu kuliko la mwenye boti iliyozaliwa ya mashindano. Atachukuaje chombo cha kazi ya punda, akifanye kikimbie kama farasi kwa asubuhi moja, halafu Jumatatu akirudishe kubeba mchanga?

Swali hilo si letu peke yetu. Ulaya na Marekani kuna familia nyingi zenye boti za kusafiria, zenye jiko na vitanda ndani, ambazo mwishoni mwa juma hushindanishwa. Kwa kuwa boti hizo hazilingani, kila moja hupewa kiwango cha kufidia muda, ili kubwa na ndogo zihukumiwe kwa haki. Kuna vifaa vya kupima mkazo wa nyaya zinazoshikilia mlingoti. Washonaji wa matanga huchapisha miongozo: upepo ukiwa wa kiasi hiki, waya huu ukazwe hadi namba hii, kamba ile ilegezwe kwa kiasi kile. Watu wazima, wenye kazi zao za heshima, hukesha wakibishana juu ya sentimita mbili. Wanaitwa wanamichezo, na wakati mwingine wanasayansi. Hakuna anayepita akawaambia kwamba wanadumisha mila.

Mjomba wangu ni nahodha. Nilianza kwake kama mtoto wa kufua maji, cheo cha chini kabisa chomboni, na ambacho kina faida moja: ukiwa umeinama ngamani unasikia kila neno linalosemwa juu yako. Mwaka mmoja, siku moja kabla ya mashindano, tuliitoa mashua kwa majaribio katika mlango wa bahari kati ya Lamu na Manda. Tulikuwa tumeipweleza, tumekwangua mwani na makombe, tumeichoma kwa moto wa makuti na kuipaka mafuta. Mizigo yote ilikuwa imeshushwa. Chombo kilikuwa chepesi, kinaruka, na kila mtu alifurahi isipokuwa yeye. Alishika kana kwa vidole viwili tu, akafumba macho.

"Hichi chombo kinakimbia upepo," akasema. "Hakitaki kwenda joshi. Kina ndaa ya mbele."

Kwa asiyejua, hayo ni maneno ya mzee wa pwani anayependa mafumbo. Hebu tuyafungue. Mashua iliyopakia huzama zaidi, na sehemu ya mbele ya mkuku hushika maji vizuri. Ukiipakua, omo huinuka. Sasa maji yanaishika zaidi upande wa tezi kuliko mbele, na upepo unaposukuma tanga, mbele kunasukumika kirahisi. Chombo kinageuka kuukimbia upepo. Ili kiende sawa, nahodha analazimika kushikilia usukani umepinda muda wote, na usukani uliopinda ni breki. Umeondoa mzigo ili upate mbio, kisha mbio hizo umezilipa zote kwa usukani. Hiyo ndiyo ndaa ya mbele.

Dawa yake aliijua kabla hatujarudi ufukweni. Viroba viwili vya mchanga, ambavyo ndivyo farumi yetu, vilitolewa tezini vikasogezwa mbele. Kisha akamwambia fundi agonge kabari, tako la mlingoti lisogee mbele kwa wanda tatu. Wanda tatu ni upana wa vidole vitatu, kama sentimita tano na nusu. Mlingoti wetu umelala kuelekea mbele, kama ilivyo kwa vyombo vya foromali, na umefungwa kwenye boriti inayokatiza chombo. Ukilisogeza tako mbele, ncha ya juu inarudi nyuma. Sehemu iliyo juu ya boriti ni kama mara sita ya iliyo chini, kwa hivyo vidole vitatu kule chini vilikuwa karibu theluthi ya mita kule juu, na tanga lote likarudi nyuma pamoja nayo, likaanza kuibana tezi na kuiacha omo ipande upeponi. Fundi akauliza kwa nini isiwe wanda nne, kazi iishe moja kwa moja.

"Nne itanivunda mkono," mjomba akajibu.

Alimaanisha kwamba kwa wanda nne chombo kingegeukia upande wa pili wa kosa: kingetaka kuelekea upeponi kwa nguvu, naye angeshinda akikivuta kwa kana mpaka mwisho, breki ile ile kwa sura nyingine. Kati ya tatu na nne kuna upana wa kidole kimoja, na mtu huyu alijua mashindano yake yako upande gani wa kidole hicho. Vipimo alikuwa navyo: wanda, shubiri, dhiraa, pima. Ni vipimo vya mwili, navyo vilitosha, kwa kuwa mwili uliovibeba ulikuwa mmoja na ulikuwapo kila siku. Tatizo la vipimo vya mwili ni hilo hilo. Mwili ukiondoka, vinaondoka.

Tanga lenyewe ni habari ndefu, na humo ndimo mahodari wanapoachana na wengine. Tanga la kubebea mchanga hufungwa kwa ulegevu kidogo kwenye foromali, litengeneze tumbo, maana tumbo lina nguvu ya kusukuma mzigo mzito kwa upepo wa nyuma. Kwa kubisha, yaani kupanda kuelekea upepo unakotoka, tumbo hilo hilo ni adui. Linakulalisha ubavu na kukusukuma pembeni badala ya mbele. Ndiyo sababu ya zile saa mbili za kufungua na kufunga: nahodha anavuta dasi, ile kamba iliyoshonwa kwenye ukingo wa kitambaa, anaikaza kwenye foromali ili tanga litandazike. Lakini akilitandaza mno na upepo wa siku hiyo ukawa mwembamba, chombo kitakufa katikati ya mlango wa bahari. Anachokifanya jioni ile ni kutabiri hali ya hewa ya kesho na kuishona kwenye kamba.

Kisha kuna foromali. Mgeni huiona kama mti wa kuning'inizia kitambaa. Mtazame nahodha anapoichagua, jinsi anavyoegemeza tako chini na kuikandamiza katikati kwa goti. Anatafuta mti ambao ncha yake itapinda pale atakapotaka ipinde. Nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa mwendo wake: noti kumi zikiwa ishirini, nguvu kwenye tanga haiwi maradufu, inakuwa mara nne. Upepo wa ghafla ukija, ncha nyembamba ya foromali hukubali, hupinda, na sehemu ya juu ya tanga hufunguka ikaumwaga upepo uliozidi kabla hata mshika demani hajanyoosha mkono. Upepo ukipita, ncha hurudi. Hakuna injini hapo wala kompyuta. Kuna mti uliochaguliwa vizuri. Foromali nene isiyopinda inapendeza kwenye picha, na siku ya kusi kali watu wake wote watakuwa wamekaa kwenye ubao nje ya goshini, wanaomba Mungu.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi kuliko vipaza sauti.

Nilisoma sekondari katika shule ya pwani ambayo madirisha yake yanatazama bahari. Kidato cha pili tulifundishwa mtiririko wa maji na hewa. Mfano uliochorwa ubaoni ulikuwa bawa la ndege, juu limepinda, chini limenyooka. Tukaambiwa: hewa inayopita juu ina safari ndefu zaidi, kwa hivyo lazima iharakishe ili ikutane na mwenzake wa chini kwenye ncha ya nyuma, na ikiharakisha shinikizo lake hupungua, na bawa huinuka. Tukaandika, tukakariri. Maelezo hayo bado yanazunguka katika vitabu vingi duniani, na si ya kweli. Hewa ya juu haina miadi na hewa ya chini. Ikipimwa, ile ya juu kwa kawaida hufika mapema kuliko mwenzake. Daniel Bernoulli, aliyechapisha kitabu chake cha mwendo wa maji mwaka 1738, hana hatia katika hadithi hii ya miadi.

Na ushahidi wa kuivunja ulikuwa unapita dirishani. Tanga ni kitambaa. Upande wake wa ndani na upande wake wa nje vina urefu ule ule. Kama nguvu inatokana na safari moja kuwa ndefu kuliko nyingine, basi hakuna mashua iliyowahi kubisha kutoka Shela hadi popote. Mtoto wa kufua maji angeweza kusimama akamwambia mwalimu: hapana, angalia, tanga linaukunja upepo na kuutupa nyuma, na upepo ukitupwa nyuma chombo kinakwenda mbele, ukilikunja kidogo mno hakuna kitu, ukilikunja kupita kiasi upepo unaachana na kitambaa na tanga linapoteza nguvu. Hayo ndiyo maelezo ya wanafizikia, na ndiyo anayoyajua kila anayeshika demani, kwa mkono wake.

Hakuna aliyesimama. Darasani tulikuwamo watoto wa manahodha wanne. Tulikuwa tumeshajifunza kwamba ndege ni sayansi na mashua ni utamaduni, na sayansi huulizwa kwenye mtihani. Mwalimu wetu simlaumu. Alifundisha kilichokuwa kitabuni. Nawalaumu wanaoandika mitaala kwa ajili ya watoto wa bahari bila kuitazama bahari, na nawalaumu zaidi wale wanaojitokeza mara moja kwa mwaka kusifu "hekima ya wazee" huku wakihakikisha kwamba hekima hiyo haipati hata ukurasa mmoja wa fizikia. Kusifu ni rahisi. Kifundishe, kiwekee swali la alama nane, tuone kama bado unakipenda.

Mtu ataniambia: lakini haya yamepitwa, siku hizi kila chombo kina mashine. Mashine ni neema na sijasema zitupwe. Mgonjwa anayetolewa Kizingitini usiku hataki kusikia habari za matlai. Ila ni kweli kwamba mashine imeondoa lazima. Nahodha mwenye mashine hahitaji kukaza dasi, maana tanga likimwangusha atavuta kamba ya injini. Polepole tanga linakuwa kitu cha kupunguza gharama ya mafuta upepo ukiwa mzuri, na mwishowe pambo. Ndiyo maana mashindano yana uzito nisioweza kuutia chumvi. Ni siku chache zilizobaki katika mwaka ambapo nahodha analazimika kutumia kila anachokijua, na mbele ya wengine wanaojua. Ni maabara ya mwisho iliyo wazi. Na dunia inayotuambia tanga limekwisha, yenyewe inarudi kwenye tanga: mwaka 2023 meli ya mizigo Pyxis Ocean ilianza safari ikiwa na matanga mawili magumu, kila moja la urefu wa hadi mita 37.5, kwa ajili ya kupunguza mafuta. Wahandisi wake walikuwa na tatizo la mjomba: tanga liwekwe wapi juu ya chombo cha mizigo, na upepo ukunjwe kiasi gani.

Tunajua maarifa ya namna hii yanavyokufa, kwa sababu tumeshaua mengine. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari, ulitumia tanga la mkeka la umbo la mraba. Tunao kwenye makumbusho, umetengenezwa kwa mfano mdogo. Ulikuwapo pia wa ukubwa kamili ndani ya Beit al-Ajaib, Zanzibar, jengo ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Tuna michoro na tuna maelezo ya wageni waliouona. Lakini jinsi lile tanga la mkeka lilivyotegwa kwa kusi, ni kamba ipi ilikazwa kwanza, chombo kililalamika vipi kilipokuwa na njaa ya mbele, hayo yalikuwa ndani ya mikono ya watu, na mikono hiyo ilizikwa. Umbo limehifadhiwa, akili imepotea. Hicho ndicho hasa tunachokiandalia mashua, kwa vigelegele.

Nitoe mfano, bila majina. Niliwahi kushindana kama baharia katika mashindano yaliyopangwa kuanza asubuhi. Manahodha walitega vyombo kwa upepo wa asubuhi na maji ya kupwa. Mgeni rasmi akachelewa, tukaanza saa nane mchana, upepo umepanda na maji yamegeuka. Juu ya hayo mdhamini alikuwa ametoa matanga mapya, yote sawa, yenye nembo, na sharti la kuyatumia. Yalishonwa na mtu ambaye hakuwahi kuona mlingoti wa hata mashua moja kati yetu. Kitambaa kipya huvutika. Baada ya mizunguko miwili kila tanga lilikuwa na tumbo kama la mwenye mimba, na hakuna kamba ambayo ingelitoa. Picha zilikuwa nzuri sana. Aliyeshinda alishinda bahati nasibu, na nadhani alilijua hilo, kwa sababu hakushangilia.

Yanayotakiwa hayahitaji bajeti kubwa. Saa ya kuanza ipangwe na nahodha anayejua bamvua na maji mafu, na mgeni rasmi apewe saa hiyo kama abiria wa ndege anavyopewa yake. Kila chombo kipande na tanga lake. Na baada ya mbio, kabla ya zawadi, mashua tatu za kwanza zipwelezwe na zipimwe hadharani: urefu wa foromali, mlalo wa mlingoti, uzito wa farumi na mahali ilipokaa, mkazo wa dasi, upepo wa siku hiyo. Viandikwe kwa Kiswahili, vibandikwe ukutani na vipelekwe shuleni. Mwanafunzi wa kidato cha pili apewe namba hizo na aulizwe kwa nini ya pili haikuwa ya kwanza.

Upinzani mkali zaidi kwa jambo hili, nakiri, hautoki kwa wadhamini. Unatoka kwa manahodha wenyewe. Siri ya mtungi aijuaye kata, husema, na wanashona midomo. Nawaelewa. Kwa mtu asiye na cheti wala pensheni, wanda tatu zake ndizo mali yake. Lakini katika michezo ya matanga ya huko nje mabingwa hutoa vipimo vyao vikachapishwa, na bado hushinda, kwa kuwa namba haishiki kana. Atakayechukua vipimo vya mjomba wangu atapata mlingoti uliosimama sawa. Bado atahitaji miaka ishirini ya kufumba macho na kusikiliza kwa vidole viwili. Siri inayofichwa haimlindi nahodha na mshindani wake. Inamnyima mjukuu wake.

Mjomba haoni vizuri siku hizi, na kana ameshampa mwanawe. Amekubali nipime foromali na mlingoti wake, kwa sharti kwamba namba zisitoke mpaka mashindano yajayo yapite. Nimekubali sharti hilo. Daftari ninalo, futi kamba ninayo, na kuna nafasi ya vijana wawili wasiougua bahari, wanaoweza kunyamaza mpaka siku hiyo.